Maji ya Paji la Uso na Maji ya Mtoni

Nakumbuka Jumapili moja ya manyunyu, mwanangu, kwenye mashamba ya chai karibu na Kericho, nilipouliza swali mbele ya kanisa zima. Kanisa lenyewe lilikuwa banda la nyasi nyuma ya laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, na mimi nilikuwa kijana mchuma chai kutoka upande wa ziwa. Nilikuwa mdadisi. Mpaka leo niko hivyo, wajukuu wangu wanalalamika kila siku.

Ninyi mmekua na makanisa kila kona, kwa hiyo acha nikueleze. Wakati ule kila eneo lilikuwa na misheni yake moja. Kwetu mtu alibatizwa kwa maji kidogo kwenye paji la uso, tukaamini Wakristo wote duniani wanabatizwa hivyo. Wakipsigis wa upande wa Litein walizamishwa mtoni, nao wakaamini vilevile. Ni kazi ya chai iliyotukutanisha, na tulishangaana kweli.

Siku hiyo ilikuwa ya meza ya Bwana. Mwalimu wetu wa dini, mtu wa misheni ya mtoni, mwema ila mkali kidogo, alitangaza kwamba aliyetiwa maji usoni hajabatizwa bado, angoje kula mkate mpaka ashuke mtoni. Kungoja hakukunisumbua. Lakini mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na maji aliyoyajua yeye ni yale ya usoni. Nikasimama.

"Mwalimu, na mama yangu je? Yeye hawezi tena kwenda mto."

Aliendelea na ibada, wala sikumlaumu. Nilitaka tu kujua mama yangu yuko wapi, na swali hilo lilinikosesha raha.

Mzee wa kanisa letu alikuwa Arap Tonui, Mkipsigis mwenye ndewe ndefu za masikio yaliyotobolewa zamani. Yeye alizamishwa mtoni akiwa mtu mzima, na alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Kesho yake alipokuja kwenye safu yangu ya chai nikajua nitakaripiwa. Alisimama akitazama ufito niliokuwa nimeulaza juu ya chai.

"Weri," akaniita, yaani kijana kwa lugha yao, "hii fito ni ya nini?"

"Inaonyesha mkono kimo cha kuchuma, mzee."

"Unaiweka kwa kikapu?"

Nikacheka. "Hapana. Kwa kikapu naweka majani."

"Na chai ikikua, fito inabaki pale pale?"

"Inapanda na chai, mzee."

"Basi. Mafundisho ya misheni yangu ni fito. Mimi naipenda, siwezi kutupa, bila hiyo mkono unaenda ovyo. Lakini kwa kikapu naweka Neno. Kuja Jumapili tusome."

Tukasoma Jumapili baada ya Jumapili, tukitafuta kila mahali penye ubatizo. Tulipofika kwa yule towashi anayeshuka majini kubatizwa, mzee alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tulipofika kwa askari wa gereza aliyebatizwa usiku pamoja na watu wake wote, mimi nikamwuliza mto ulikuwa wapi. Akakuna kichwa, kisha akacheka mpaka akapangusa macho.

"Hiyo sijui," akasema. "Soma tena."

Sikuwa nimewahi kumsikia mzee wa kanisa akisema hajui. Ajabu ni kwamba imani yangu ilipata nguvu palepale, na hamu ya kusoma ikanizidi.

Mwishowe tukamfikia yule mwizi msalabani, aliyeomba akumbukwe na akaahidiwa kuwa Peponi siku ileile.

"Huyu alipata maji gani?" mzee akauliza.

"Hakupata, mzee."

"Na mama yako alikuwa anaomba Yesu?"

"Kila siku."

"Basi wacha kumtafuta kwa mto. Yuko na yule alikuwa anamwomba."

Nililia mbele yake bila aibu. Nilipotulia nikamwuliza, sasa njia ya kweli ya kubatiza ni ipi?

"Mimi naona ni ya mto," akasema. "Nikifika juu nitauliza Mwenyewe."

Alimwendea mwalimu, wakasoma wao wawili mahali tulipokuwa tumesoma. Hakuna aliyeuacha mto. Lakini kwenye meza ya Bwana iliyofuata, mwalimu mwenyewe alinipa mkate kabla sijashuka mtoni, na mbele ya watu wote akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yangu, akimtaja kwa jina lake la ubatizo.

Kwa hiyo, mwanangu, lipende kanisa lililokulea na ujue kwa nini linafundisha linavyofundisha. Ila kumbuka kwamba waliopanga mafundisho hayo ni watu, watu wema waliojitahidi kuelewa, na yako mambo hawakuyaona. Neno likisema zaidi ya walivyopanga, lifuate Neno. Uliza bila woga, na usiyoyajua useme huyajui. Usimfungie mtu mlango ambao Neno halikumfungia. Mungu akutunze unaposoma na akutunze usipoelewa, na siku utakayomzika umpendaye, akupe Neno la kushika.