Mzee Sylvanus, Mgonjwa wa Mazoezi

Kila Jumanne asubuhi Mzee Sylvanus Wekesa aliondoka kwake Kabras akiwa mzima, na ikifika saa nne alikuwa mjini Kakamega, mgonjwa. Wiki hii kifua, wiki ijayo kisukari, nyingine huzuni ya mtu aliyefiwa. Ndiyo kazi aliyopewa na chuo cha udaktari: kuwa mgonjwa wa mazoezi, ili wanafunzi wajifunze kuzungumza na watu kabla ya kupelekwa kwenye vituo vya afya vijijini. Mwalimu wao, Daktari Lusweti, alikuwa amemwona kanisani siku ya Pasaka akiigiza Pilato. Alinawa mikono kwa uchungu hata akina mama wa viti vya mbele wakamhurumia. Siku mbili baadaye akapigiwa simu.

Aliipenda kazi hiyo. Miaka thelathini alikuwa ameendesha trekta la kubeba miwa, kazi ya kelele isiyo na wa kuzungumza naye. Sasa alikaa kitini, na watoto wa watu waliovaa makoti meupe wakamuuliza hali yake. Kila zoezi lilipokwisha, Daktari Lusweti alimgeukia: "Mzee, ulijisikiaje mbele ya huyu daktari?" Naye alisema kweli, kwa upole. "Huyu ameongea na karatasi yake vizuri sana," aliwahi kusema, na darasa zima likacheka, hata mwenye karatasi.

Jumanne moja ya mwezi wa sita alikabidhiwa kadi yenye maelezo ya mgonjwa mpya. Mwanamume wa miaka sitini na minane. Atasema ameletwa na goti. Shida yenyewe ni mkojo: unakatikakatika, na usiku huamka mara tatu. Anaona aibu. Asiseme mpaka aulizwe vizuri.

Sylvanus aliisoma mara mbili. Kisha akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Oliver, kijana mwepesi. Aliuliza goti lilianza kuuma lini, akaandika, akaeleza mambo ya gegedu kwa maneno makubwa, na dakika ya nne akamaliza. Sylvanus akashukuru, akatoka na goti lake.

Wa pili alikuwa Aminah, msichana wa Mumias mwenye sauti ndogo. Alikuwa rika la mjukuu wake wa kwanza, na alikotoka Sylvanus, msichana wa umri huo hamuulizi mzee mambo ya chini ya mshipi. "Huyu hafiki huko," akajisemea.

Aminah alitoa kiti chake nyuma ya meza, akakileta karibu, kando kidogo, ili mzee asilazimike kumtazama usoni.

"Habari ya safari, baba?"

"Nzuri tu."

Alisikiliza habari za goti mpaka zikaisha. Kisha akauliza, "Na mbali na goti, kuna kitu kingine kinakusumbua?"

"Hapana."

Hakuandika. Alinyamaza tu, na Sylvanus akasikia mashine ya kukata nyasi ikinguruma huko nje.

"Baba," Aminah akasema, "kuna swali ambalo huwauliza wanaume wote wa umri wako. Ukiona ni vigumu kuniambia mimi, nitakuitia daktari mwanamume, na sitakasirika. Usiku unalala, ama unaamka kwenda choo?"

"Naamkanga."

"Mara ngapi?"

"Mara saba." Alikusudia kuishia hapo, lakini maneno yakaendelea yenyewe. "Na siku zingine sifiki chooni."

"Pole, baba. Lazima unachoka. Mama nyumbani anajua?"

"Hajui. Nilihamia chumba cha mbele. Nilimwambia ni mgongo."

Muda ukaisha. Daktari Lusweti akampongeza Aminah kwa ule ukimya wake, kisha akaisoma kadi kwa sauti ili darasa zima lijue kilichokuwa kimefichwa. Aliposema "mara tatu", Aminah akainua kichwa.

Saa ya chai Sylvanus alikwenda kukaa peke yake barazani. Aminah akamfuata na kikombe chake, akaomba ruhusa ya kuketi.

"Baba, kadi ilisema mara tatu. Na haikuwa na chumba cha mbele."

"Mimi huongezanga chumvi," akajibu, akijaribu kucheka. "Si ni kuigiza?"

Msichana hakucheka wala hakubishana. "Kama ni chumvi, nimefurahi. Kama si chumvi, Daktari Lusweti yuko kliniki mpaka saa nane. Naweza kukusindikiza hadi mlangoni. Sitaingia."

Sylvanus alikiweka kikombe chake chini. Akawaza godoro analolianika nyuma ya nyumba kila mkewe akienda sokoni.

"Tangu Oktoba," akasema.

Alipimwa, akatolewa damu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo zilikuwa ndefu. Majibu yalipokuja, yalikuwa ya kushusha pumzi: tezi dume ilikuwa imevimba, lakini haikuwa saratani. Vidonge vingemsaidia.

Jioni hiyo alimkuta mkewe, Navalayo, jikoni akichambua majani ya kunde, vijiti akivitupa kando. Akavuta kigoda, akamwambia yote: mkojo, godoro, uongo wa mgongo.

 Majani yaliendelea kuanguka sufuriani.

"Kumbe ni hivyo," Navalayo akasema hatimaye. "Mimi nilidhani umenichoka."

Katika miezi yote ile Sylvanus hakuwahi kufikiria hilo.  Akachukua konzi ya kunde, akaanza kuchambua naye, akiyatia majani sufuriani pamoja na vijiti vyake. Navalayo aliona, lakini hakumsahihisha.