Filimbi Niliyosahau Kumfundisha

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Siku shirika liliponiletea binti kutoka Kongo nimfundishe ushonaji, nilisema wazi kwamba hapa Katoro sitaki mtu wa kulilia juu ya cherehani. Walishanieleza: alitekwa akiwa mtoto mdogo, akabebeshwa bunduki msituni mpaka alipotoroka. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mkimya, mwenye mkono mwepesi. Haikupita miezi mitatu akawa ananizidi kukata kola. Nilimwonea wivu, nalo sikatai.

Nilimfundisha kila kitu isipokuwa filimbi. Kwetu sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakiipuliza, kila mtu anatoka na fimbo kukimbilia inakolia. Anayekimbilia kwingine ndiye mwizi. Mtoto wa Kisukuma hilo analijua kabla hajavaa viatu, nani angekumbuka kumwambia mgeni?

Siku ya mnada iliibwa pikipiki, filimbi ikalia mchana kweupe. Nilikuwa njiani natoka kununua uzi. Nikaokota kipande cha nondo nikafuata wenzangu hadi kwenye mashine ya kusaga. Mwizi wetu alikuwa chini tayari, kitenge kimemfunika kichwa, watu wanamshushia mawe na fimbo. Nikapenya. Nilipiga mara mbili, kwa nguvu zangu zote. Kwa pigo la pili nilisikia mfupa ukivunjika. Kitenge kikateleza, nikaona gauni ambalo kola yake nilimfumulisha mara nne.

Nilimlalia. Wakanipiga mgongoni na mimi, nikawaporomoshea matusi ambayo siyaandiki, mpaka mkuu wa sungusungu akawazuia.

Hospitalini aibu yangu ilitoka kama ukali. Nilimuuliza, "Kwa nini ulikimbia, wewe?"

"Mama, kule msituni filimbi ikilia tulikuwa tunakwenda kuua," alisema. "Niliapa sitaikimbilia tena."

Mkono wake wa kulia haushiki mkasi tangu hapo. Anashona, mimi namkatia. Nondo ilikuwa ya nani sikumwambia. Niliogopa, basi.

Juzi filimbi ililia tena. Majirani wakaniita mlangoni, wakaniita tena kwa ukali. Nikaendelea kukata kitambaa mpaka wakaondoka.

Yeye hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Siku ile, chini ya kitenge, niliziona ndala zako, mama," akasema.