Ulimi wa Atuhaire

Katika nyumba ya Bi Masouda, kule Darsait, Uarabuni, Atuhaire alipandishwa cheo kila Ramadhani. Miezi mingine alikuwa mfanyakazi wa ndani kama Waganda wenzake. Mwezi huo akawa muonjaji. Wenyewe wamefunga, yeye Mkristo, basi kila sufuria ilipita kwake kwanza. Bi Masouda, mzaliwa wa Unguja, alipenda kuwaambia wageni kwamba huyu ndiye ulimi wa nyumba. Wageni walicheka na Atuhaire naye alicheka, maana kuchekea utani wa tajiri ni kazi pia, ingawa haimo kwenye mkataba.

Mwaka huu mvua za baridi zilinyesha vizuri milimani. Awadh, mtoto wa Bi Masouda, alikwenda huko na wenzake akarudi na mfuko wa vitunguu pori. Mama yake nusura alie. Marehemu mumewe, aliyekulia kwenye milima hiyo, alikuwa hachoki kuvisifu: kiangazi kizima vinalala chini ya mawe, mvua ikinyesha vinatoa majani membamba yenye uwazi ndani kama mrija, kisha bua moja lisilo na jani, na juu yake vijiua vyeupe vimekusanyika duara. Ukivunja jani, harufu ya kitunguu inakufuata mpaka nyumbani. Bi Masouda alikuwa hajapata kuvila hata siku moja.

Lakini Awadh ni mtu wa ofisini, na gari lake analipenda. Ili lisichafuke, alikata majani na maua yote hukohuko mlimani, akaleta vitunguu vitupu vya ukubwa wa kidole gumba, vimevaa maganda ya kahawia, vyote sura moja.

Atuhaire alivimenya alasiri. Vingine vilimtoa machozi, vingine havikumtoa, akashukuru Mungu. Alivikaanga akavitia kwenye mchuzi wa nyama. Bi Masouda alikuwa na haraka ya kujivunia, hivyo alimtuma Atuhaire apeleke sahani ya jirani yao Maram hata kabla ya mchuzi kuonjwa.

Aliporudi jikoni ndipo Atuhaire akachota kijiko. Kilikuwa kichungu. Ulimi ukaanza kumwasha, midomo ikamchoma, mate yakamjaa, na punde si punde tumbo likamnyonga akainamia sinki akatapika. Hapo akavikumbuka vile ambavyo havikumtoa machozi. Alitoa maganda kwenye pipa la taka akayasugua moja moja puani. Mengine yalinuka kitunguu. Mengine hayakunuka kitu.

Alimkumbuka Nabukalu, rafiki yake wa Khuwair ya Kusini: mtoto wa nyumba aliumwa tumbo, ikasemwa Nabukalu ametia kitu kwenye maziwa, akapelekwa uwanja wa ndege na nguo alizovaa. Nani angemwamini Atuhaire? Wazo lake la kwanza lilikuwa kuumwaga mchuzi na kusema umeungua. Tusimfanye malaika, angeumwaga. Ila sahani ilikuwa kwa Maram, na Maram ana watoto, na magharibi ilikaribia.

Alikimbia. Aliingia kwa watu bila hodi, akainyakua sahani ya futari mkekani mbele ya wenyewe, jambo ambalo hata kichaa hafanyi, akatoka nayo huku wakimkodolea macho. Adhana ilimkuta mlangoni kwao. Ndani, Awadh ameshafungua kwa tende na bakuli la mchuzi liko mbele yake.

"Mama, msile," Atuhaire alisema. "Kuna vitunguu vingine humo si vitunguu. Nimeonja, nimetapika."

Awadh alikasirika. Amevichimba kwa mikono yake mwenyewe, alisema, basi atavila. Akachota kijiko kilichojaa. Bi Masouda alimtazama Atuhaire, midomo imevimba, mate yanamtoka, sahani ya jirani iko mikononi mwake. Kisha akalivuta bakuli akalimimina lote kwenye sinia, juu ya sambusa.

"Weka kijiko," alimwambia mwanawe. "Mpeleke spitali."

Daktari alisema angekula bakuli zima ingekuwa habari nyingine. Akauliza mmea wenyewe ulikuwa na majani gani, maua gani. Awadh alikiri hakuyaleta. Majani na maua aliyaacha mlimani. Atuhaire alilala akiwa na mpira wa maji mkononi, na kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni polisi.

Hawakuja. Kesho yake alirudi jikoni akapika supu, na ilipofika wakati wa kuonja mkono ulikataa. Alisimama na kijiko juu ya sufuria. Bi Masouda akaja, akakichukua kile kijiko, akagusisha ncha ya ulimi, akatema kwenye sinki, akasukutua.

"Chumvi haijakolea," alisema.

"Na funga yako, Mama?"

"Haiharibiki. Muhimu usimeze. Nnajua toka mdogo."

Toka mdogo. Kumbe Ramadhani zote hizo Bi Masouda angeweza kuonja mwenyewe. Atuhaire alichukua chumvi, akaitia kwenye supu, akamwachia Bi Masouda kijiko.