Mashine ya Maziwa Imemfanya Mama Yangu Mwizi

Admin, jina langu lisitoke hata herufi moja, huku Rumonge tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina mume na mtoto mmoja, na kazi yangu ni kupima maziwa kwenye kituo ambako wafugaji huyaleta asubuhi. Mkuu wangu ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Namchukia, na simung'unyi maneno.

Mashine yetu haijui maziwa mazuri mpaka uionyeshe. Kuna chupa ndogo za maziwa zinazotoka Bujumbura, kiasi cha mafuta yake kimeandikwa ubavuni. Unapima hayo kwanza, unairekebisha mashine ikubaliane na maandishi, ndipo unapima ya watu. Chupa zilipoisha, shemeji alileta maziwa ya ng'ombe wake.

"Tumia hii, iko muzuri kupita ya Bujumbura."

Nilimweleza kwamba ng'ombe wake anakula mashudu ya mawese, maziwa yake ni mazito mno. Tukiyaita ya kawaida, ya wengine wote yataonekana yametiwa maji. Akanicheka. "Masomo yako iache kwenu. Hapa chef ni mimi." Akasimama nyuma yangu mpaka nikairekebisha.

Wiki hiyohiyo mama yangu mzazi alifika na baiskeli kutoka Kizuka. Mashine ikasema maji. Shemeji akamwaga kidumu chote chini mbele ya foleni nzima, akamwita mwizi. Mama yangu! Mimi nimesimama na koti langu jeupe. Mama akanigeukia: "Mutoto wangu, na wewe unaona niliweka maji?" Nikamwita anayefuata kwenye foleni. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Mume wangu naye ananiambia, "Kaka ndiye alikupatia kazi. Ukimuharibia jina, utarudi kwenu, mutoto anabaki hapa." Kwa hiyo jina la kaka yake ni jina, la mama yangu ni takataka?

Juzi chupa mpya ya Bujumbura ilifika kwa basi dogo. Niliipokea mimi, shemeji hajui. Nimeificha kwenye friji nyumbani, nyuma ya samaki wa mikeke, na haitakaa siku nyingi. Nikiirekebisha mashine nayo mbele ya foleni, nikapima upya ya kila mtu, ukweli utaonekana. Nami nitapoteza kazi, pengine na mwanangu.

Asiniambie mtu nivumilie, neno hilo limenichosha. Nishaurini upesi nifanye nini, kwa sababu maziwa hayo yakiganda, mama yangu anabaki mwizi.