Barasa Alipotoka Kuangalia Mahindi

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyochovywa katika maji moto hunirudisha nyumbani kwetu Mautuma kabla sijaamua kurudi. Kwetu mgeni wa heshima hachinjiwi kuku kabla hajafika. Afike kwanza, aketi, asikie jogoo akikimbizwa nyuma ya jiko, ndipo ajue amechinjiwa yeye. Kwa hiyo wageni wetu walingoja sana, na baba, tangu aliponunua televisheni, aliona vibaya kuwaacha wangoje kimya. Aliiwasha, akapandisha sauti, akahesabu kwamba amewakirimu. Siku moja ya namna hiyo nimeiandika na kuifuta tena na tena, kwa sababu naogopa neno moja likikaa vibaya nitakuwa nami nimemcheka senge yangu.

Senge, ndivyo tunavyomwita dada ya baba, jina lake Nekesa. Alizaliwa na kimo kifupi. Nilipokuwa na miaka tisa mabega yetu yalilingana. Alikuwa fundi wa nguo pale sokoni, kwa cherehani ambayo baba aliikata miguu ili aifikie. Nyumbani hatukutaja urefu wake hata siku moja. Sokoni walimtajia, wengine kwa kicheko, wengine kwa huruma. "Hujafa hujaumbika," walisema wakipita, naye huku akiuma uzi aliwajibu kwamba yeye aliumbika zamani, akamaliza. Msimu ule wa kuvuna, Barasa, kijana aliyeendesha trekta za watu upande wa Likuyani, alianza kumletea suruali zisizo na tatizo ili azishone. Senge akaanza kuimba akipiga pasi. Hatimaye Barasa akaja nyumbani kujitambulisha, pamoja na mama yake na baba yake mdogo, mwalimu mstaafu.

Televisheni iliwashwa jogoo akiwa bado anakimbizwa. Kilichokuwepo ni kichekesho cha zamani cha ng'ambo, cha Kiingereza, chenye watu wasioonekana wanaocheka kila mtu akifunga mdomo. Kijana mmoja alikuwa amempata mpenzi mwenye kimo kama cha senge, na rafiki zake, kadiri walivyojikaza wasitaje jambo hilo, ndivyo ndimi zilivyowateleza. Mkono wa baba ulifika kwenye rimoti ukakwama hapo. Akizima, amekiri kwamba ameona. Akiacha, tunacheka. Mimi nilimwomba Mungu stima ipotee. Ilikuwa ikipotea karibu kila siku, lakini siku hiyo ikakaa. Mama ya Barasa hakujua Kiingereza, na yule mwalimu, kwa mazoea ya darasani, hakuweza kumwona mtu asiyeelewa akamwacha hivyo.

"Huyu anasema waketi kwa meza ndogo," alimtafsiria. "Sasa anajuta kusema ndogo."

"Kwani hiyo meza iko na nini?"

"Meza haina kitu, Mama Barasa. Ni huyo msichana. Mwangalie vizuri."

Senge aliingia na sinia ya chai wakati huohuo. Alimpa kila mtu kikombe, akatazama kioo cha televisheni, kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Watu wasioonekana wakacheka. Barasa akasimama, akasema anaenda kidogo kuangalia mahindi yetu. Kupitia dirishani tulimwona ametupa mgongo, akimenya hindi moja kwa muda mrefu kuliko hindi lolote linavyohitaji. Senge alitazama kichekesho mpaka mwisho. Chai ya Barasa ikashika utando.

Walikula vizuri. Wakiaga, mama yake alimshika senge mikono yote miwili, akasema wao wameridhika. Walipotokomea, senge akamwambia baba awatumie neno wasirudi.

"Nekesa, kijana aliona haya tu."

"Haya ya nani?"

Baba alianza kukusanya vikombe.

"Sokoni watu wananichekanga kila siku," senge alisema, "na huko hakuna mahindi ya kwenda kuangalia."

Hakuimba tena msimu ule. Nilimlaumu Barasa kwa miaka mingi, kwa ukali wa mtoto ambaye alibaki sebuleni na kudhani alibaki kwa upendo, kumbe hakuna aliyempa ruhusa ya kutoka. Sasa naishi Kakamega mjini, nimejisomea mwenyewe vitabu vingi, na ninayo maneno ya karibu kila jambo. Juzi senge alinitembelea. Tulipokuwa tukipita sokoni, kijana mmoja aliinua simu akaanza kumpiga picha, wenzake wakicheka kwa sauti, safari hii wakionekana wazi. Senge aliendelea kutembea. Mimi nilijikuta nimesimama mbele ya kibanda cha viatu, nikigeuzageuza raba nisiyoihitaji, hadi kicheko kikaisha. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama mbele kidogo, akiningoja.

"Imekutosha?" aliniuliza.