Siku Nilipohesabu Nyumba za Watu

Mama mkwe wangu wa Mbwera alitutuma ng'ambo ya Ruvuma kuuliza jambo moja tu: mumewe yu hai au amekufa. Alikwenda Msumbiji kuvua, vita vikamkuta huko, simu zikakatika, na tangu hapo mama hakuwa mke wala mjane. Hata kuingia ndani kukaa eda alishindwa. Utakaaje eda ya mtu ambaye kesho anaweza kushuka mtumbwini akiuliza kuna nini jikoni?

Ndoa yetu ilikuwa na miezi saba. Mke wangu alibeba picha ya baba yake. Mimi nilibeba ubishi. Nilivutana bei na mwenye boti mpaka akaniuliza kama na mawimbi nitayaomba yapunguze.

Tulishuka kwenye kijiji ambacho watu ndiyo kwanza walikuwa wanarudi. Makuti mabichi juu ya kuta zilizoungua. Mimi ni mnunuzi wa korosho Kibiti. Gunia siliamini mpaka nilihesabu mara mbili, na mdomo wangu huhesabu bila kuniomba ruhusa. Nikanyoosha kidole.

"Kumi na nane. Zenye watu, kumi na moja."

Nikaanza upya, kuhakikisha.

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakanyanyuka. Mama mmoja akawaita wanawe ndani. "Hatumjui," wakasema, kabla mke wangu hajaifunua ile picha.

"We mwanaume," akaninong'oneza, "mtu wa Kibiti mzima, hujui mgeni anayehesabu nyumba anadhaniwa nani?"

Nilijua. Kwetu nako ilikuwepo miaka ya mauaji, ambayo mgeni akiulizia kwa mjumbe, tunamwonyesha njia ya kurudi alikotoka.

"Kaa hapa. Mikono magotini. Na mdomo ufunge."

Akawaendea wanawake waliokuwa wakimenya mihogo, akaomba kisu, akamenya nao. Hakuuliza kitu. Wanaume walinizunguka, sikuthubutu kujua ni wangapi.

Beseni lilipokaribia kujaa, bibi mmoja akasema, "Mwanangu, yule mumeo anamtafuta nani hapa?"

"Si yeye, bibi. Mimi namtafuta baba yangu."

Bibi akaishika picha kwa mikono yenye utomvu.

"Huyu tulimzika sisi. Homa, huko porini tulikokimbilia. Tulimswalia. Sanda hatukuwa nayo, nilimfunga kitenge changu."

"Lini?"

"Mwaka juzi, mvua za mwanzo."

Mke wangu alimkumbatia, kisu bado mkononi.

Mama tulimpigia kutoka Mtwara. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitenge kilikuwa cha rangi gani. Hatukujua. Nikachukua simu, nikajitia msomi: "Mama, wenye elimu watakwambia eda ilishapita. Ni mwaka juzi."

"Mwanangu, mimi nimeambiwa leo."

Tukasikia akikunja mkeka wa barazani.

"Mpunga umeshaiva," akasema. "Mtakuja kuvuna ninyi. Mimi naingia ndani."