Kovu la Uji

Gundi ya unga wa ngano ikichemka hunukia kama uji. Leo nimeipika hapa tunaposhuti filamu ya kutisha, kwa sababu mpira wa majimaji wa kuundia ngozi bandia umeisha na mwigizaji anangoja nimtengenezee shavu lililoungua.

Utotoni, mtaani Huruma, siku moja watoto wa ploti yetu, jengo la ghorofa la wapangaji, tuliipika hivyohivyo, tukabandika tishu usoni, tukapaka rangi nyekundu ya chakula, tukawa mazombi. Dada yangu hakuwa akitoka nje bila kitambaa kilichofunika shavu moja. Siku hiyo alikivua, akashuka ngazi.

Mazombi yote yakamgeukia. Kisha mtoto mmoja wa jirani akamsogelea, akamkagua.

“Manze, hiyo yako imeweza! Umetumia nini?”

“Uji,” dada akasema.

Hakudanganya. Sufuria ya uji wa moto ilimmwagikia shavuni alipokuwa akijifunza kutembea.

Wakamfanya mkubwa wa mazombi, akatukimbiza ploti nzima hadi mama zetu wakaanza kutuita tukaoge. Tukapanga foleni kwenye mfereji wa maji ya bomba, kila mtu akibandua uso wake. Dada naye akapanga. Zamu yake ilipofika akanawa mikono, akajifunga kitambaa.